Picha dhahania za rangi na kazi za ususi katika ukumbi mmoja: tuzipange vipi?

Mpigapicha wa Jinja:

Ndugu zangu, salaam. Nimealikwa kuonyesha picha kumi na mbili katika jumba dogo la sanaa hapa Jinja, Uganda, na mwenye jumba amewaalika pia akina mama wasusi watakaoleta vikapu, mikeka na kawa. Picha zangu ni dhahania: hazionyeshi mtu wala jengo, bali rangi na jinsi zinavyokutana. Mojawapo ni ubavu wa mtumbwi uliopakwa buluu juu na rangi ya chungwa chini. Niliusogelea mpaka mtumbwi wenyewe ukapotea, ukabaki mstari ule ambao maji yametafuna rangi na mbao zimeanza kuchungulia. Nyingine niliipiga sokoni jioni, shata ikiwa wazi kwa nusu sekunde huku nikiipitisha kamera taratibu juu ya mafungu ya nyanya, hata zikawa mkanda mwekundu usio na mwanzo.

Wasiwasi wangu ni huu. Mwaka jana nilishiriki maonyesho mahali pengine, ambako picha zilitundikwa chini ya taa nzuri pamoja na jina la kila mpigapicha, ilhali vikapu vilirundikwa sakafuni karibu na mlango bila jina la aliyevisuka. Wageni walisimama mbele ya picha zangu wakauliza, "Hii ni picha ya nini?" kisha wakainama kuulizia bei ya kikapu. Yote mawili yaliniuma. Tupange vipi ili kazi moja isiwe pambo la nyingine?

Binti Bombo:

Kaka, nimelelewa Bombo miongoni mwa Wanubi, na bibi yangu alikuwa akisuka kawa tangu sijazaliwa. Sikumbuki mtu yeyote aliyemwuliza kawa yake ni picha ya nini. Watu walitazama zambarau ilivyopakana na njano, wakahesabu mizunguko, wakasema hapa mkono umetulia, hapa rangi imebadilishwa kwa makusudi. Jicho hilo ndilo unalolitafuta kwa ajili ya picha zako, na wageni wako wanalo tayari, kwani wamekalia mikeka yenye mistari ya rangi tangu utotoni. Tundika kawa ukutani, kwenye kimo cha macho, katika safu moja na picha, na uandike jina la msusi kwa herufi zilezile ulizoandikia lako. Hilo la jina nakusihi usilifanyie mjadala.

Fundi Fremu:

Mimi naongeza la mwanga tu. Rangi zinazotiwa kwenye nyuzi na wino wa picha vyote hufifia kwa jua, ndiyo maana majumba mengi ya makumbusho hayazidishi takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa nguo na nyuzi zilizotiwa rangi. Epuka ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Picha isiguse kioo. Weka ukingo wa kadibodi katikati, maana unyevu wa huku ziwani huigandisha karatasi. Mkipata lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, msikitie kwenye kioo kabisa. Kiacheni kining'inie, mtu aone alama za mifereji ya nyundo za mbao zilizolipondaponda gome la mti huo, mutuba.

Mwalimu wa Sanaa, Mbale:

Nakubaliana na Binti Bombo kuhusu majina, ila nina tahadhari moja. Ukiweka kikapu chekundu chini ya picha nyekundu, mgeni ataona kufanana kwa rangi tu, kama mtu anayechagua pazia la kwenda na makochi. Afadhali uvikutanishe kwa namna vilivyotengenezwa: lubugo kando ya ule mtumbwi uliochubuka, kwa sababu vyote viwili ni mti uliopigwa na kuzeeka.

Sisi wa picha za rangi pia hatuna sababu ya kujikweza. Picha za rangi zilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya matangazo na magazeti. Za Ernst Haas zilionyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1962, lakini hata mwaka 1976, William Eggleston alipoonyesha zake mahali hapohapo, wakosoaji walizishambulia vikali. Lubugo nalo, ambalo Baganda wamelitengeneza kwa karne nyingi, lilitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Heshima zote mbili zilichelewa.

Mpigapicha wa Jinja:

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mwenye jumba, naye amekubali kwamba wasusi waje siku ya kutundika, wachague wenyewe kuta zao na kutaja bei zao. Mama mmoja aliitazama picha ya nyanya kwenye simu yangu, akaigeuza ikasimama wima, akasema, "Ukili huu umekaa vizuri hivi." Nimeitazama usiku kucha, na nitaitundika wima.