Tupeane uzoefu: fedha za vikundi vya utamaduni huku ughaibuni mnazipataje?

Wakuu, salaam. Wale mnaoendesha vikundi vya taarab, ngoma, Kiswahili cha watoto au kumbukumbu za wazee, tuelezane mnavyoandika maandiko ya kuomba ruzuku. Naanza mimi.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa pwani, tuko Uingereza. Tulitaka kurekodi nyimbo za harusi na simulizi za wazee wetu, tukaomba National Lottery Heritage Fund, mfuko wa bahati nasibu ya taifa unaofadhili mambo ya urithi, ngazi ya pauni 10,000 hadi 250,000. Kabla ya kuandika lolote tulijiuliza: nani atafanya nini, na rekodi zitakaa wapi fedha zikiisha? Tukaenda kwanza kwenye ofisi ya nyaraka ya mji wetu, wakatupa barua ya kukubali kuzipokea. Ile barua ililibeba andiko kuliko kurasa zote za maelezo.

Lililotuumiza kichwa ni leseni. Mfuko ule unataka kazi za kidijitali zilizolipiwa na fedha zake ziwekwe wazi kwa leseni ya CC BY 4.0. Maana yake mtu yeyote duniani anaweza kuzitumia, hata kibiashara, bora amtaje mwenye kazi. Nyimbo za harusi, sawa. Za unyago je? Somo wetu mmoja, mtu mzima, alituambia: "Wanangu, hizi haziimbwi mbele ya mwanamume, nyinyi mnataka kuzianika mtandaoni?" Alisema kweli. Unyago tukautoa kwenye mradi, na simulizi zenye mambo ya ndani ya familia tukaziombea msamaha wa sharti lile mapema, kabla ya kutia saini. Nawasihi, mambo haya yazungumzeni na wazee kabla ya bajeti. Fedha ya kuitafuta kwa kuvunja heshima ya bibi zetu mimi siitaki.

Mweka hazina, London
Ahsante dada. Kikundi kichanga kianze na Awards for All, ruzuku ndogo za bahati nasibu ya taifa, pauni 300 hadi 20,000. Watataka katiba na akaunti ya benki yenye jina la kikundi, na watia saini wawili wasio ndugu wala wanandoa. Hapo ndipo vikundi vyetu hukwama, maana mwenyekiti na mweka hazina mara nyingi ni mtu na mkewe.

Halafu msiiache Gift Aid, nyongeza ya serikali juu ya michango. Mlipa kodi wa Uingereza akichangia pauni 1, serikali inaongeza peni 25, ilimradi kikundi kinatambuliwa na mamlaka ya kodi na yeye ametoa tamko la kukubali. Tiketi ya usiku wa biriani haihesabiki, kwa kuwa mtu amenunua chakula. Mchango wa hiari wa usiku huohuo, aliotoa bila kupewa kitu, unahesabika.

Mbarawa, Columbus, Ohio
Huku Marekani hatukuwa na usajili wa 501(c)(3), yaani wa shirika la hisani lisilotozwa kodi, tukakaa chini ya mwavuli wa shirika lililosajiliwa. Wao hupokea ruzuku kwa niaba yetu na kukata asilimia yao. Dai mkataba wa maandishi, useme rekodi ni mali ya nani. Sisi tunakusanya Chimiini, lugha ya wazee wetu wa Barawa, pwani ya Somalia. Hatungekubali sauti zao zibaki kwa wengine.

Kijana wa taarab
Saa za kujitolea ziandikeni kila wiki. Kupika, kutafsiri, kumpeleka mzee kwenye mahojiano, vyote ni mchango wenu, na wafadhili wengi wanavikubali upande wa mapato ya bajeti.
Dada, fomu ya idhini mliandika kwa lugha gani?

Mwanzisha uzi
Kiswahili na Kiingereza, mdogo wangu. Asiyesoma tulimsomea, akakubali kwa sauti huku kinasa sauti kinaendelea. Na tulimweleza kila mmoja hadi tarehe gani anaweza kujitoa, kabla rekodi hazijakabidhiwa.