Naomba ushauri: nawezaje kuukaribia upigaji besi wa Jeff Ament?

Habari za wakati huu wakuu. Napiga gitaa la besi la kawaida, nyuzi nne, na muziki ninaoupenda kupita wote ni granji (grunge), ile roki ya Seattle, Marekani. Krist Novoselic wa Nirvana naenda naye vizuri, mistari yake mingine unaweza hata kuiimba kwa mdomo. Wimbo wao "Come as You Are" nilishajua kwamba lazima nyuzi zote zilegezwe kwa toni moja.

Kinachonikwamisha ni Jeff Ament wa Pearl Jam. Kwenye albamu ya Ten (1991) anatumia sana besi isiyo na vyuma shingoni (fretless), yaani bila vile vipande vya chuma vinavyotenganisha noti, noti zinateleza kama mtu anaimba, na mwanzo wa wimbo "Jeremy" kapiga besi ya nyuzi 12! Nimejaribu kutelezesha kidole bila kukinyanyua na kupunguza trebo (sauti za juu) kwenye amplifaya, lakini vyuma bado vinasikika, kila hatua inakatika. Kwangu huyu ndiye bora kuliko wote, sitaki kumruka.

Je, kwa besi yenye vyuma naweza kuukaribia ule mtelezo, labda kwa kubadilisha aina ya nyuzi, au hakuna namna zaidi ya kutafuta besi nyingine? Na wakati nasubiri, kati ya wapiga besi wawili, Mike Starr kwenye albamu ya Dirt ya Alice in Chains na Ben Shepherd wa Soundgarden, nimfuate nani kwanza? Bendi yetu ina gitaa moja tu, kwa hiyo besi inabeba mzigo mkubwa.

Natanguliza shukrani.