Kikundi cha majirani, Shella Malindi: mashine ya nyasi imetoboka

ALHAMISI

Twalib: Asalaam alaikum jamaa. Mashine ya nyasi imetoboka. Nilikuwa nakata uwanja wa madrasa upande wa minazi, nikasikia mlio kama debe lagongwa, kipande cha kutu kikanipiga muundi. Nimeizima.
[picha]

Bi Khadija: Waalaikum salaam mwanangu. Pole. Damu imetoka?

Twalib: La, pamevimba tu. Suruali ilikuwa nzito.

Mama Rukia: Na watoto walikuwa wapi?

Twalib: Ndani, wasoma. Wakiwa nje siiwashi.

Ami Shee: Hilo ni la kuchomelea. Ipelekwe kwa fundi wa vyuma, kiraka kimoja, kesho yuaendelea. Nyasi zishafika magotini na mvua za mwaka bado hazijaisha.

Fundi Kassim: Shikamoo Ami. Tusiipeleke kwanza. Kiraka chategemea tundu liko wapi, na picha hii yaonyesha juu tu. Twalib, ng'oa waya wa plagi uuweke kando. Usiseme injini imezimwa. Ukizungusha kisu kwa mkono yaweza kushtuka ikawaka. Funga petroli. Kisha ilaze kwa ubavu, kichujio cha hewa kiangalie juu. Ukiilaza vyengine oili yaingia kwenye kabureta na tutakuwa na kazi mbili. Kwangua hadi uone chuma.

Ami Shee: Marahaba. Haya, tungoje.

Twalib: Ami Kassim nimekwangua. Ndani mna nyasi zilizogandamana kama ukoko wa wali, zapata unene wa kidole, na chini yake bado mbichi ilhali kabla ya leo mashine haikufanya kazi tangu Jumamosi. Nilipoung'oa ukoko umetoka na chuma chake. Chatoka tabaka tabaka kama chapati.
[picha]
[picha]

Mama Rukia: Ya Rabi.

Fundi Kassim: Hapo ndipo penye ugonjwa. Nyasi mbichi zina maji na zina tindikali yake, zikikaa juu ya chuma zachimba. Tena sisi tuko hapa pwani. Tangu kusi lianze mwezi wa nne, mashine yalala barazani kwa madrasa ikiangalia bahari. Chumvi yaivuta unyevu hata siku ya jua. Rangi ikishachubuka kwa mawe yanayorushwa na kisu, hakuna tena kinga.

Sasa chukua bisibisi bapa. Gonga polepole kuzunguka lile bakuli lote linalofunika kisu. Chuma kizima chalia. Kilichokufa chanyamaza, na bisibisi yaingia. Anzia ukingoni, malizia pale bolti tatu za injini. Za injini ndizo nitakazo.

Twalib: Ukingo wa nyuma yaingia mahali pawili. Mdomo wa kutokea nyasi, pembeni kidogo. Bolti ya injini ya kushoto… imeingia hadi kwenye mpini wa bisibisi. Nikiushika mkono wa mashine nikautikisa, injini yacheza.

Fundi Kassim: Basi usiiwashe tena. Hata ukoka wa mlangoni kwa Ustadh usikate.

Ami Shee: Kassim, huko kwenye boti watu wapaka fiba na gundi, yashika miaka. Hapa haitashika?

Fundi Kassim: Ukingoni ingeshika Ami, na ningeipaka mimi mwenyewe. Pale nyuma ni la kuzuia majani tu. Penye injini fiba haifai, kuna joto na mtikisiko mchana kutwa. Nieleze vizuri ili tusije tukagombana kwa jambo la kheri.

Lile bakuli si mfuniko tu. Ndilo limeibeba injini, ndilo limeshika magurudumu, na ndilo linalozuia jiwe lisitoke. Kisu chetu ni cha inchi 21 na chazunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Pigeni hesabu, ncha yake yaenda karibu kilomita 300 kwa saa. Injini ikilala upande kwa sababu bolti moja imeng'oka, kile kisu chagonga bakuli lenyewe. Twalib yuko nyuma yake hatua moja.

Na kuchomelea: kiraka chataka chuma kizima cha kushika pande zote. Bakuli hili lilipokuwa jipya lilikuwa kama milimita 2. Sasa pale kwenye bolti ni jembamba kama kopo la maziwa. Ukilitia moto laendelea kutoboka mbele yako, fundi afukuza tundu. Ingekuwa kutu imeishia upana wa kiganja, ningeitoa injini, nikate bati la milimita 3 la kushika bolti zote tatu, nilichomelee kwenye chuma kizuri. Hapa chuma kizuri kiko mbali.

Mama Rukia: Kwa nini injini itolewe? Mwaka juzi walichomelea ikiwa juu.

Fundi Kassim: Petroli, Mama Rukia. Na umeme wa kuchomelea ukipitia kwenye shafti, ule mhimili wa injini unaozungusha kisu, waharibu beringi. Aliyefanya hivyo alituharakishia.

Bi Khadija: Wanangu, mimi naomba neno. Mashine hii nilizunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Kuna aliyetoa hamsini. Kuna mama alinipa kuku nikamuuze. Mkisema itupwe, roho yanisonga.

Fundi Kassim: Haitupwi Bi. Injini yake nzima, yaanza kwa mvuto mmoja. Iliyokufa ni nguo, mwili upo. Tutafute bakuli lingine.

Ami Shee: Jipya lapatikana?

Fundi Kassim: Nimeuliza Mombasa. Bakuli peke yake kuagiza, bei yakaribia mashine nzima. Bora la mashine iliyokufa injini.

Mama Rukia: Ngojeni. Pale ninapofanya kazi Casuarina kuna moja nyuma ya stoo, injini ilishikana, haizunguki tangu mwaka jana. Kwa juu haina kutu, ni nyeupe-nyeupe. Nimuulize mwenyewe?

Fundi Kassim: Ikiwa nyeupe huenda ni aluminiamu. Muulize sasa hivi!

IJUMAA

Mama Rukia: Akubali kwa elfu tatu, na magurudumu yake. Baada ya sala Twalib aje na mkokoteni.

Bi Khadija: Kwenye sanduku la mtaa tuna 4,250. Nitatoa.

Fundi Kassim: Msilipe kabla sijapima. Vitu vitatu. Bolti tatu zilingane. Unene wa shafti, kuna za milimita 22 na kuna za 25, kisu na kishikio chake vyafuata shafti. Na urefu wa shafti, ikiwa ndefu kisu kitakwangua mchanga, ikiwa fupi kitagonga juu.

Fundi Kassim: Nimepima kwa kalipa, kile chuma cha kupimia unene. Bolti zimelingana. Shafti yetu ni 22 na milimita 80 kwenda chini, yao vilevile. Lipa Bi Khadija.

Ami Shee: Alhamdulillahi. Hiyo aluminiamu hailiwi na chumvi?

Fundi Kassim: Haioti kutu nyekundu, lakini bolti ya chuma ikikaa ndani yake na chumvi, zalana, hutoka unga mweupe na bolti yashikana. Nitazipaka grisi kila moja.

JUMAMOSI

Twalib: [picha] Tumehamisha. Imechukua asubuhi nzima, bolti moja ya zamani ilikataa hadi tukaikata kwa grainda. Fundi amezungusha kisu kwa mkono mara nyingi akitazama kama chagusa popote, kisha ndipo akarudisha waya wa plagi. Nimekata nusu ya uwanja. Haitetemi kabisa, mikono haifi ganzi kama zamani.

Bi Khadija: Mashallah. Mungu awalipe.

Fundi Kassim: Twalib, nyasi zikiwa na umande ngoja hadi saa nne. Ukimaliza, waya wa plagi, ilaze, kwangua kwa kipande cha mti, usitumie chuma. Usiipige maji ukaifungia mbichi. Ukiiosha iache juani, kisha uiwashe dakika mbili ijipukute.

Twalib: Sawa ami. Leo nimeshakwangua.

Mama Rukia: Na barazani isirudi.

Ami Shee: Hairudi. Nimezungumza na Ustadh, asema stoo ya vitabu ina pembe moja tupu, haiingii upepo wa bahari. Petroli itolewe kwanza, yanuka. Twalib, pitia kwangu magharibi uchukue ufunguo.