Tupeane uzoefu: mhusika wa TV aliyeondoka ukabaki na pengo

NyarKondele: Jana kwenye kundi letu la chama mtu ametuma kipande cha kile kichekesho cha TV, Papa Shirandula, Papa na ile sare yake ya usoja wa geti, mkewe Wilbroda nyumbani akiamini bwana yuko ofisini. Nilicheka, halafu machozi yakanitoka ndani ya matatu, watu wananitazama. Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa, alituacha 2020 na mpaka leo siwezi kumaliza kipindi kizima. Nyinyi mlifanyaje? Mnatazama zile za zamani ama mliachana nazo?

Omusamia: Umenigusa kidonda, dada. Mimi ni wa Funyula, nyumbani kwao Papa. Jumamosi ile aliyofariki, tarehe 18 Julai, nilikuwa kazini Nyalenda, Kisumu, nanyoa mteja. TV iko ukutani, hakuna anayeisikiliza. Mara picha yake ikatokea na ile tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Mashine ikabaki inanguruma mkononi. Mteja akainuka na kichwa nusu, shuka bado shingoni, akasimama mbele ya TV. Hakuna aliyemwambia akae.

Nilitaka kwenda kumzika. Nauli ilikuwa juu kwa sababu matatu zilikuwa zinabeba watu wachache, kafyu saa tatu usiku, na mazishi yenyewe yalikuwa na masharti ya korona. Jumatatu akawa amezikwa. Kwetu Samia mtu mzima kama yule hazikwi hivyo. Watu hulala matangani, ngoma ipigwe, wakwe wafike, kila mtu aseme lake. Mtu aliyetuchekesha tangu 2007 anafukiwa mbiombio! Mama alinipigia simu, tukashika laini tu bila neno. Hilo ndilo halijaniisha.

BintiBondeni: Ile haraka iliniuma kuliko kifo chenyewe.

MzeeKaptembwa: Poleni, wanangu. Wangu mimi ni Mzee Ojwang' wa kile kichekesho cha Vitimbi. Tulikuwa tunajaa kwa jirani, TV inakula betri ya gari, mtoto yuko nje anazungusha antena: "Imeshika?" "Bado!" "Sasa?" "Rudisha kidogo!" Alipofariki Julai 2015 nilihisi ule mtaa wote umefungwa. Mjaluo yule alikuwa baba wa kila mtu.

Jakisumo: Mzee wangu, kwa heshima, hakuwa Mjaluo. Aliitwa Benson Wanjau, Mkikuyu.

MzeeKaptembwa: Kijana, mimi nimemsikia kwa masikio yangu. Kiswahili kile ni cha ziwani.

Jakisumo: Ndiyo sanaa yenyewe hiyo! Sisi huku Kisumu tulishamchukua na hatumrudishi. Lakini jina lake tulitaje sawasawa, ni haki yake.

MzeeKaptembwa: Hapo nimekusikia. Siku nyingine anza na hiyo ya haki, usianze na kunikosoa.

Section58: Hii ya Papa kwetu ilikuwa ya nyumbani. Baba yangu alikuwa soja wa geti hapa Nakuru, na Mama aliambiwa ni karani. Kila asubuhi anatoka na koti na faili, anabadilisha kwa fundi wa viatu karibu na steji, sare imekunjwa ndani ya gazeti. Papa Shirandula ilipoanza tulikuwa tunacheka wote isipokuwa yeye. Anasema kichwa kinamuuma, anaenda kulala.

Usiku mmoja Wilbroda yuko kwenye TV anajisifia bwana wa ofisini, Mama akasema bila kugeuka: "Baba Sami, kesho usisahau rungu."

Tulinyamaza nyumba nzima. Kumbe alijua kitambo. Mkanda wa sare ulikuwa unaacha rangi ya samawati kwenye shati jeupe, na yeye ndiye mfuaji. Baba alicheka mpaka akalia. Kuanzia kesho yake sare ikawa inapigwa pasi nyumbani. Baba alifariki kabla ya Papa. Siku tuliyosikia habari za Papa, Mama alikataa chakula, akaniambia, "Sasa wameenda wote wawili."

BintiBondeni: Uwii. Niko kazini jamani.

KijanaWaMilimani: Hii imetungwa. Mtu afiche kazi mkewe asijue?

Section58: Nimekuambia alijua.

Omusamia: Wewe wa Milimani, masoja wangapi wanaingia kazini na shati la kiraia? Simama steji yoyote asubuhi uangalie mifuko yao. Kipindi kilipendwa kwa sababu hiyo.

NyarKondele: Mimi nimesahau hata nilichouliza. Mama yako yuaendeleaje?

Section58: Yuko sawa. Anazitazama zile za zamani kila Jumapili, na haruhusu mtu abadilishe stesheni.

Jakisumo: Basi jibu ndilo hilo, dada. Tazama na watu, usitazame peke yako kwa simu.

BintiBondeni: Mimi nakataa. Acha muda upite. Kidonda hakitaki kuguswaguswa.

MzeeKaptembwa: Tazama ukiwa umeshiba. Na uanze na Vitimbi.

NyarKondele: Nitaanza na Papa, zile za mwanzo kabisa, tukiwa na wanachama wenzangu sebuleni. Mwenye nazo kwenye flashi na yuko karibu na Kibuye aniandikie pembeni, nitazifuata mwenyewe.