Mrejesho: diodi ya polima sasa inawaka

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini diodi yangu, MEH-PPV (polima inayotoa mwanga ikipitishiwa umeme) katikati ya kioo cha ITO (kilichopakwa oksidi angavu inayopitisha umeme) na alumini, haiwaki mpaka volti 9. Asanteni sana. Nilianza na anodi, yaani upande chanya: kioo nikakisafisha kwa ozoni, nikapaka PEDOT:PSS (polima inayopitisha umeme) na kuikausha kwa nyuzi 120. Volti ya kuwaka ikashuka hadi 5. Kisha katodi, yaani upande hasi: kalsiamu ilinishinda kabisa. Hatuna sanduku la nitrojeni (la kufanyia kazi bila hewa wala unyevu), na kwa unyevu huu wa Kisumu iligeuka nyeupe kabla sijapima chochote. Wewe uliyesema nitangulize floridi ya lithiamu, nanomita 1 tu, kabla ya alumini, ukipita Kondele soda ni juu yangu: sasa ni volti 3.5. Ila madoa meusi bado yanatokea baada ya saa moja hivi.