MREJESHO: Ukungu nyuma ya picha ya mahafali

Wakuu, niliuliza namna ya kutia ukungu nyuma ya picha ya mdogo wangu kwenye Photoshop bila ule utando wa rangi kando ya joho na nywele. Imekubali.

Dawa ni kumwondoa mtu kwanza. Nilinakili leya (tabaka la picha), kwenye ile ya chini nikamfuta kabisa kwa Content-Aware Fill, pengo likajazwa viti na pazia za ukumbini, ndipo nikatia ukungu. Bila hivyo kichujio cha ukungu kinachota weusi wa joho na kuumwaga nje, na huo ndio utando wenyewe. Leya ya juu amebaki yeye tu, kwa maski (inaficha sehemu usizotaka bila kuzifuta). Nywele nilizipitia kwa Select and Mask, zana ya kusafisha kingo. Hapo subira inahitajika kweli.

Aliyeshauri Lens Blur (ukungu unaoiga lenzi ya kamera) badala ya Gaussian (ukungu wa kawaida), shukrani sana. Taa za nyuma zimekuwa viduara vya lenzi halisi. Ila kilicholeta uhalisia hasa ni maski ya gredienti (inayofifia polepole): sakafu aliyosimama inabaki kali, ukungu unaongezeka taratibu kuelekea nyuma. Kabla ya hapo alionekana kama karatasi iliyobandikwa. Nikamalizia na noizi kidogo, maana ukungu hufuta chembechembe za kamera nyuma huku yeye anabaki nazo.

Programu ya simu inayotia ukungu kwa mguso mmoja nayo nimeijaribu. Inakula kishada cha kofia. Kwa status ya WhatsApp sawa, kwa picha ya kuchapa na kutundika ukutani hapana.