Jiko la sentimita 60 limegoma kuingia kwenye nafasi ya 62: tupeane uzoefu wa vipimo vya makabati ya jikoni

Mkazi wa Katubuka

Wakuu, salaam kutoka Kigoma.

Nina jiko la gesi la pleti nne lenye oveni, jipya kabisa, linakaa sebuleni pembeni ya televisheni mwezi wa nne sasa. Mama watoto amelitandikia kitambaa na kuweka maua juu. Mgeni asiyejua anadhani ndiyo mtindo.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kujenga niliamua kaunta ya zege yenye nguzo za tofali na milango ya mbao mbele, maana mchwa wa huku hawana adabu. Nikaulizia majiko madukani, nikaambiwa mengi yana upana wa sentimita 50 au 60, na yale makubwa 90. Nikachagua 60. Fundi mwashi nikamwambia aache 62, mbili za kupumulia. Akaacha. Nilipima mwenyewe kwa tepu yangu, tofali hadi tofali, sitini na mbili kamili.

Ikaja lipu. Halafu zikaja marumaru, na mama watoto alitaka ziingie mpaka ndani ya ile nafasi ili mawese yakimwagika yafutike kirahisi. Lipu sentimita moja na nusu kila upande, marumaru na gundi yake 1.2 kila upande. Fanyeni hesabu: 62 toa 3, toa 2.4. Zimebaki 56.6. Jiko lilipofika kutoka Dar vijana wanne walilibeba hadi jikoni kwa shangwe, wakalisukuma, wakasukuma tena, kisha mmoja akaniuliza kwa upole, "Mzee, hapa palipimwa?"

Palipimwa. Palipimwa kabla ya wakati wake.

Waliopitia haya ya friji, majiko, mashine za kufulia na makabati, leteni visa vyenu. Na mafundi mtakaopita humu, msiogope, hatutaji majina.

Seremala wa Ipuli

Mwangaluka wakuu. Mimi ni fundi seremala hapa Tabora, naomba niwatetee wenzangu kidogo na kuwaumbua kidogo.

Kosa kubwa la karakana zetu ni futi. Mteja anasema "sitini", fundi kichwani anaandika "futi mbili". Si mbaya, futi mbili ni kama 61. Tatizo ni kwamba fundi anapima nje kwa nje, mteja anawaza ndani kwa ndani. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, ya milimita 18, pande mbili zinakula sentimita 3.6. Kabati la 61 kwa nje linabaki na 57.4 ndani. Ukitaka kutumbukiza kitu cha 60 humo, utaita polisi.

Mwaka fulani nililetewa oveni ya kuzamisha ndani ya kabati, ile isiyo na miguu. Uso wake ulikuwa 59.5 nikashtuka, nikadhani kabati langu la nje 60 halifai. Nilipoigeuza oveni nikaona mwili wa nyuma ni mwembamba, unahitaji shimo la 56 tu, uso ndio unafunika kingo za mbao. Kumbe wenzetu wa Ulaya walishapiga hesabu: 60 toa 3.6 ni 56.4, oveni inateleza humo kama droo. Vitu vyote hivyo vimefuata kabati la 60.

Sasa hapa Tabora mteja mwenye pesa hataki MDF, anataka mninga, na namwelewa. Lakini mninga tunaupasua inchi moja. Pande mbili ni sentimita 5. Kabati la nje 60 linabaki na 55 ndani, oveni ya 56 haiingii ng'o. Nilikwangua kwa randa upande mmoja siku nzima huku mteja kasimama mlangoni akiangalia saa. Tangu siku ile, kabati la oveni la mninga nalitoa 61 na nusu kwa nje, na kabla sijagusa msumeno naomba karatasi iliyokuja na oveni. Sina karatasi, sikati.

Mama Migebuka

Mimi ni wa Ujiji, nauza samaki. Kisa changu hakihusu upana kabisa.

Niliagiza friza kubwa, ile ya kulala inayofunguliwa kwa juu, ya kuhifadhia migebuka na dagaa. Fundi alinitengenezea nafasi nzuri, kushoto imepata hewa, kulia imepata hewa, nikamsifia. Juu yake akaning'iniza makabati ya vyombo. Siku ya kwanza nafungua friza, mfuniko umeinuka shibri mbili ukagonga kabati. Mkono unaingia, samaki hatoki.

Nilikaa wiki tatu navuta friza mbele kila nikitaka kufungua, sakafu ikachubuka. Mwisho kabati la juu likahamia chumba cha watoto, wanaweka madaftari.

Kiloleni Juu

@Mama Migebuka pole dada, lakini umenichekesha. Mimi yamenikuta hayohayo kwa jiko. Majiko mengi ya huku yana mfuniko wa kioo. Ukiusimamisha unakula karibu nusu mita kwenda juu. Kabati langu la ukutani liko sentimita 45 juu ya kaunta. Mfuniko haufiki wima, unaegemea mbele kama mlevi. Nimeung'oa, uko uvunguni.

Halafu hata bila mfuniko, kabati juu ya moto wa gesi kwa sentimita 45 ni kujitakia. Mvuke wa maharage umebandua ukanda wa pembeni na MDF imeanza kuvimba. Baadaye fundi mwingine akaniambia juu ya moto paachwe 65 hadi 75, na ikiwezekana pasiwe na mbao kabisa.

Shangazi Kanyenye

Friji. Hakuna aliyeongelea friji na ndilo lililonila umeme.

Nilitaka jikoni pawe pamefungwa vizuri, friji lionekane limechomekwa ukutani. Friji 60, nafasi 61. Liliingia kama kiberiti kwenye ganda. Nikapiga picha, nikatuma kwa ndugu zangu wote.

Oktoba ya Tabora mnaijua, kabla mvua hazijaanza. Friji likawa halizimi. Linanguruma mchana, linanguruma usiku, uniti za LUKU zinaisha kabla ya wakati wake. Ukigusa mbao za pembeni ni moto. Fundi friji alipokuja alilivuta nje, akanishikisha mkono ubavuni: friji nyingi za siku hizi zinatolea joto mbavuni, hazina tena ule wavu mweusi wa nyuma. Mimi nilikuwa nimezibana mbavu zote mbili, nikalikosesha pa kutolea joto. Kijitabu chake, ambacho sikuwahi kukifungua, kinasema sentimita 5 kila ubavu na 10 juu. Friji la 60 lilitaka 70.

Na jambo la pili, mlango. Nafasi yangu iko kona, ukuta uko upande wa bawaba. Mlango unafika nyuzi 90 tu, na droo ya mboga haitoki mpaka mlango upite hapo. Kwa hiyo mboga naziweka rafu ya juu, droo ina betri na mishumaa.

Mkazi wa Katubuka

@Shangazi Kanyenye mishumaa ndani ya friji! Lakini huku Kigoma tulioishi miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli tunakuelewa, mishumaa ilikuwa inastahili heshima.

Mtoto wa Mwandiga

Kaka yangu alipelekwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mungu akamjalia. Alipopata nafuu akamtumia mama jiko kwenye kontena. Zuri, zito, la chuma kitupu. Sisi tulishajenga nafasi ya 60 tukiamini jiko ni jiko.

La kwao ni inchi 30. Sentimita 76. Tukavunja nguzo moja ya tofali. Likaingia. Kumbe na umeme wake wa kuwashia cheche ni volti 120, wa kwetu ni 230. Mama anawasha kwa kiberiti, oveni haijawahi kuwaka, anahifadhia humo masufuria. Ukimwuliza anasema ni jiko bora kuliko yote Mwandiga, na hakuna anayethubutu kumpinga.

Bwana Mipango

Mimi naona mnateseka bure. Kifaa kinakufa baada ya miaka kadhaa, kabati la zege halifi. Ukijenga kwa kufuata kifaa ulichonacho leo, kesho ukinunua kingine unavunja tena. Acheni nafasi ya 70 au 80 kila mahali, basi.

Seremala wa Ipuli

@Bwana Mipango kwa friji nakubaliana nawe kabisa, acha hata 75. Kwa jiko sikubali. Ukiacha 80 kwa jiko la 60, makombo, mafuta na panya wote wanahamia pembeni, na sufuria ikipinduka uji wote unaingia huko. Jiko liachiwe sentimita moja tu kila upande, ZIKIPIMWA BAADA YA MARUMARU. Na msisahau kwenda juu. Majiko mengi yana kimo cha 85 na miguu ya kuzungusha inayoongeza kidogo. Kaunta ikiwa 95, jiko linazama kama shimo.

Mtungi nao jamani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini. Mtungi wa kilo 15 ndani ya kabati lisilo na matundu chini ni hatari. Mimi nauweka nje, napitisha bomba. Mteja akikataa, natoboa mlango chini, apende asipende.

Dada wa Gungu

Kwa upande wa mashine ya kufulia: upana 60, kimo 85, hivyo kila mtu anajua. Kina kwenye karatasi kiliandikwa 60, kaunta yangu ina kina cha 60, nikasema inakaa sawa. Hawakuhesabu mpira wa maji na bomba la nyuma. Imetokeza kama kiganja kizima mbele ya kaunta, na kila anayepita anagonga goti. Mume wangu ameigonga mara mbili na ameacha kuongea nayo.

Kiloleni Juu

Na droo ya kona! Ukiiweka mara baada ya jiko, mpini wa oveni unatokeza, droo inagonga. Yangu inafunguka nusu. Vijiko tunavitoa kwa vidole viwili.

Mkazi wa Katubuka

Wakuu, mrejesho.

Baada ya ushauri wenu nilimwita fundi abandue marumaru na lipu ya upande mmoja. Tulipata zile 2.7, tukafika 59.3. Milimita saba! Fundi akataka kubandua na upande wa pili, mama watoto akasimama kati ya ukuta na nyundo, na mimi namjua, sikubishana.

Jiko la 60 nimemwuzia shemeji yangu wa Kibirizi kwa bei ya undugu. Alikuja nalo hilo swali la kipimo, nikamtuma kwanza akapime, na apime marumaru kwa marumaru, mahali patatu: mbele, nyuma na chini, maana kuta zetu haziko wima. Kwake ni 61.5 mbele, 60.8 nyuma. Limeingia.

Mimi nimechukua la 50. Marumaru zimerudishwa, pembeni pamebaki sentimita sita na ushee. Seremala alisema panya watahamia, lakini mama watoto amewawahi: amechomeka humo sinia tatu, ubao wa kukatia mboga na ungo.